Skatingi ya Chumba cha Mama

Mama aliondoka Newala kwa sababu ya ndoo ya maji. Ilikuwa kiangazi, kisima chetu cha maji ya mvua kilikuwa kimebaki tope, mimi nipo kazini, na yeye hajui kumsubiri mtu. Akaenda kuomba ndoo moja kwa jirani, akarudi nayo, akateleza kwenye kizingiti cha jikoni kwetu. Goti likavimba. Aliponisimulia jioni ile alilalamikia maji yaliyomwagika kuliko goti lenyewe. Kesho yake dada yangu mkubwa akapanda kutoka Masasi, akamchukua akakae kwake wiki mbili, apumzike. Wiki mbili hizo zikawa miaka miwili.

Nikabaki peke yangu kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Mimi ni kitindamimba, karani wa masjala, niliolewa mara moja nikarudi nyumbani na sijutii kurudi. Niseme wazi mapema, nisije nikaonekana mtoto mwema kupita kiasi: sikutaka mama arudi kwa faida yake. Nilitaka arudi kwa faida yangu. Nilizoea kuamshwa na sauti yake akigombana na kuku, nikazoea kula chakula huku nikikosolewa namna ninavyokaa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameanza kuongea na redio.

Kwetu sisi jambo kama hilo hulipeleki mbele ya uso wa mama. Husimami mbele ya aliyekuzaa ukamuuliza anakusudia kulala wapi maisha yake yaliyobaki. Unamwambia mjomba, kaka yake, naye ndiye anayelibeba. Mjomba wetu yuko Kitangari na mikorosho yake. Nikaenda Kitangari, nikapewa kigoda, nikasema yangu. Mjomba akasikiliza, akasema ameelewa, akateremka Masasi siku ya pili yake. Aliporudi alikuwa na jibu: mama yako atarudi, tena anatamani kurudi, ila tatizo ni maji.

Maji. Nikazungusha mifereji nyumba nzima, nikachimbisha kisima cha pili uani, kikasakafiwa, kikafunikwa. Mvua za kwanza zikakijaza mpaka shingoni. Nikarudi Kitangari kifua mbele. Mjomba akateremka, akarudi: mama yako amefurahi sana kuhusu maji, ila anaiogopa sakafu. Ile sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka, ni kweli, na mtu mwenye goti bovu hawezi kutembea kwenye sakafu iliyopasuka. Nikatoa akiba, nikaweka marumaru. Nikarudi tena Kitangari. Mara hii mjomba alichelewa kunijibu, akawa anachokonoa meno na kijiti kwa muda mrefu, kisha akasema limebaki moja tu. Nge.

Hapo sikuweza kubisha. Fundi wa marumaru alikuwa ameacha mwanya unaotosha kidole kati ya marumaru na ukuta, chumba kizima kuzunguka, akaniahidi atakuja kuuziba. Kisha korosho zikaanza kudondoka. Asiyeijua Newala anaweza kudhani nampaka matope fundi wangu, lakini korosho zikidondoka hapa humpati fundi wa aina yoyote, hata wa kushona nguo. Kila mtu yuko shambani kwake. Mwanya ukabaki wazi, na kwenye mwanya ndimo wanamoingia nge. Mama aliwahi kuumwa na nge kisiginoni nikiwa mdogo. Ndiyo siku pekee niliyomwona analia mbele yetu bila kujificha. Kwa hiyo sharti hilo nililiona la haki kabisa, nikalipokea kwa furaha, hasa kwa kuwa lilikuwa la mwisho.

Nikampigia dada simu kumwuliza aliwezaje yeye kuuziba mwanya wa nyumba yake. Akaniambia niweke skatingi za mbao, ule ukanda unaopigiliwa chini ya ukuta kuzunguka chumba, unaofunika pale ukuta na sakafu vinapokutana. Akasema yupo mzee mmoja Chiungutwa, seremala, mikono yake haina mfano, atanikatia mbao nzuri na kunifundisha kuzipiga mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini huyo mzee asije akazipiga yeye. Akasema mzee huwa hapandi Newala.

"Nenda mwenyewe," akasema. "Mtaelewana."

Sikumwuliza amejuaje.

Karakana ya mzee ilikuwa banda la bati lisilo na kuta, kando ya nyumba ndogo iliyopakwa chokaa, umbali mfupi kutoka barabarani. Dereva wa bodaboda alipafahamu bila kuelekezwa. Nilimkuta mzee anapiga randa, mtu mrefu mkavu, kofia kichwani, penseli nyuma ya sikio, miwani ameifunga kwa uzi. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaweka randa chini, akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida ya mtu na mteja. Akaniuliza habari za Newala, habari za kazi, na kama kile kisima kipya kimejaa. Nikamjibu kimejaa, namshukuru Mungu. Nikamwona mzee mwenye adabu zake.

Nilikuwa nimechora chumba cha mama nyuma ya fomu ya ofisini, na vipimo nimeviandika pembeni kwa mwandiko mzuri, maana mwandiko ndiyo kazi yangu. Akautazama mchoro, akaniuliza nilipima wapi. Nikamwambia ukutani. Akaniuliza ukutani wapi. Nikamwonyesha: hapa, usawa wa kifua, ambapo tepu inashikika vizuri. Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akaniambia skatingi haikai kifuani, inakaa miguuni, na ukuta ulionyooka kifuani unaweza kuwa umepinda miguuni kwa vidole vitatu. Nikapime tena nimepiga magoti. Akanirudisha Newala mikono mitupu. Njiani nilinuna, nikamwita kila jina moyoni, lakini nilipopiga magoti nikakuta vipimo vyangu vyote vinne si sahihi.

Mara ya pili nilikaa kutwa nzima. Alikuwa ameshapasua mbao za mninga, upana wa inchi nne, amezipiga randa zikawa laini. Alinionyesha kasanduku kasiko na kifuniko, kana mikato ubavuni, unalaza ubao ndani yake na msumeno unapita kwenye mkato ili kona itoke sawa. Lakini akanionya nisikiamini sana kisanduku hicho. Kona za nyumba zetu, alisema, hazijawahi kukutana na mraba tangu zizaliwe. Kwenye kona ya ndani, ubao wa kwanza uache uende moja kwa moja mpaka ukutani. Ule wa pili ndio unaochongwa ncha yake, polepole, kwa msumeno mwembamba, hadi ncha ifuate umbo la uso wa mwenzake na kuulalia. Hivyo hata kona ikiwa mbovu mwanya hauonekani. Alinichongea moja, kisha akanipa vipande vya kuharibu. Niliharibu saba. Cha nane akakiinua, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha chini, akanipa kikombe cha chai.

Nilimpenda mzee yule, niliandike hili ingawa linaniuma. Hakunifundisha kwa kunidharau, na hakuniuliza kwa nini mwanamke mzima wa ofisini anataka kushika msumeno. Nilimwita baba, kama unavyomwita mtu wa umri ule, na kufikia mara ya tatu nilikuwa namwita hivyo bila kufikiri. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea, na wangu ulilegea sana. Nilimweleza kwa nini nafanya yote yale. Nilimweleza kuhusu mama: kwamba hawezi kulala vizuri kwenye nyumba ya mtu mwingine, kwamba anateseka kwa dada ila hasemi, kwamba tangu baba afariki kuna usiku mmoja mmoja nilimsikia akimwita baba kwa jina usingizini. Nilimweleza kwamba mama si mtu wa kuanza maisha mapya. Yeye alikuwa anapiga randa. Aliniuliza swali moja tu, kama mama ndiye aliyeniambia hayo au nayafikiria mwenyewe. Nikamwambia, baba, mtu anamjua mama yake. Akaendelea kupiga randa.

Mbao nilizipandisha Newala kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, zimefungwa kwa kamba ya mkonge na khanga yangu nyekundu ikipepea kwenye ncha ili wanaotufuata nyuma waone. Likizo yangu ya mwaka niliichukua siku zile. Wenzangu masjala wakaniuliza naenda wapi, nikawaambia naenda chumbani kwa mama.

Ubao wa kwanza niliukata kona ikielekea nje badala ya ndani. Wa pili vilevile. Nilikuwa nauweka ubao kwenye kisanduku uso chini, na kwa hiyo kila kitu kinatoka kinyume, na ilinichukua mbao mbili nzuri za mninga kuligundua hilo. Nikaandika neno JUU kwa penseli upande wa juu wa kila ubao uliobaki. Kisha misumari. Mzee alinipa misumari ya zege akaniambia nitoboe kwanza ubao kwa kekee, nisipige pasipo tundu. Nikapiga pasipo tundu, kwa kiherehere. Ubao ukapasuka kwenye urefu wake, msumari ukajikunja na kunikwaruza kidole gumba. Nikakaa chini kwenye marumaru nikatukana matusi ambayo mama angeyasikia angenipiga.

Lakini siku ya nne kazi ilianza kunitii. Unaegemeza ubao, unausukuma kwa goti ubanane na ukuta, unatoboa, unapiga, unasogea. Pale ukuta ulipopinda niliziba nafasi kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikauacha ukauke, nikapitisha msasa. Kona ya nyuma ya kitanda ilikaa vizuri kiasi kwamba niliigusa kwa ukucha nikitafuta pa kuingia, nisipaone. Hakuna atakayeiona kona ile, kitanda kinaifunika. Niliipiga picha kwa simu. Nikapaka vanishi mara mbili, chumba kikanukia kama duka la samani, nikatandika kitanda cha mama shuka jipya na kuweka mto upande wa dirishani anakolalia yeye.

Siku hiyo sikumpigia mjomba. Nilitaka kwanza kumwonyesha mzee. Nilinunua shati la mikono mirefu sokoni, nikalifungisha kwenye karatasi, na Jumamosi asubuhi nikateremka Chiungutwa bila kutoa taarifa, kwa sababu mtoto hatoi taarifa akienda kumwonyesha mtu kazi nzuri.

Karakana ilikuwa tupu. Nikasikia mtu anakohoa upande wa uani, nikazunguka nyumba nikiwa tayari nimeshafungua picha kwenye simu. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua kunde kwenye ungo. Alikuwa amevaa gauni la kushindia na kichwa kitupu, nywele amezisuka upya. Mama yangu hakai kichwa wazi kwa watu.

Aliponiona hakushtuka. Aliweka ungo pembeni, taratibu, akavuta khanga akajifunika kichwa, jambo ambalo liliniumiza kuliko yote yaliyofuata.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwamkia. Nikashangaa kusikia shikamoo imetoka yenyewe, na yeye akaitika. Nikamwuliza anafanya nini pale. Akasema anachambua kunde. Nikamwambia mama, nimekuuliza unafanya nini pale. Wakati huo mzee alikuwa ametokea mlangoni, ameshika taulo, uso umelowa maji ya udhu. Akasimama. Nilimwangalia yeye, nikamwangalia mama, na kile kisima kikanijia kichwani ghafla. Siku ile ya kwanza aliniuliza kama kisima kipya kimejaa, na mimi nilikuwa sijamwambia kwamba nina kisima.

Walikuwa wameoana. Mama alinieleza kwa sentensi fupi fupi, akitazama kunde. Ndoa ilifungwa sebuleni kwa dada, Masasi, mwaka uliopita mwezi wa mfungo sita. Mjomba ndiye aliyekuwa walii. Kila nilipotoa taarifa kwamba nakuja Chiungutwa, mama alikuwa anapelekwa kwa dada, anarudi nikishaondoka. Mimi niliikumbuka siku hiyo. Dada alinipigia akasema wana kisomo kidogo, cha nyumbani tu, nisijisumbue kuomba ruhusa kazini kwa jambo dogo kama hilo. Nami nikaona si vizuri kukosa mkono kwenye kisomo, nikatuma sukari kilo tano kwa basi. Watu walikunywa chai ya sukari yangu kwenye ndoa ya mama yangu, na hakuna aliyeona aibu.

Nikauliza masharti je. Maji, sakafu, nge. Sharti la sakafu na la nge yalikuja baada ya ndoa. Mjomba alikuja nyumbani kwangu, akakanyaga marumaru yangu mapya, akayasifu, huku akijua kwamba mama hatayakanyaga.

"Nilidhani utachoka," mama akasema. "Kila nilipotaja kitu nilidhani hicho ndicho kitakachokuchosha. Wewe ukakifanya."

"Si ungeniambia."

"Ukiwa na kazi ya kufanya huniulizi kitu. Nikaona bora uwe na kazi."

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na sijaona upande wake usiochoma. Nilimgeukia mzee, kwa sababu mama humtolei hasira yote. Yeye alikuwa bado amesimama mlangoni na taulo lake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliwaomba waniambie mapema, zaidi ya mara moja, lakini wao ndio waliosema ni vizuri nimzoee kwanza. Wazo la kunituma kwake lilikuwa la dada. Nikimzoea mtu, dada alisema, hasira inapata pa kupungulia.

"Baba, na wewe una mdomo," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Hakujitetea, na hilo nalo lilinikasirisha, kwa kuwa mtu asiyejitetea humwachi hata na kidonda kimoja. Nilifikiria yote niliyomwambia nikiwa nachonga vile vipande saba. Jina la baba usingizini. Mama si mtu wa kuanza maisha mapya. Alikuwa anayasikiliza hayo mchana, na jioni anaingia ndani kwa mama yangu. Sijui kama alimsimulia. Sijui lipi ni baya zaidi, kwamba alimsimulia au alinihifadhia.

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa hapandi Newala. Hakutaka kuingia nyumba ya marehemu baba na kupiga misumari kwenye chumba alicholala, kabla mtoto wa marehemu hajajua. Alikuwa na heshima hiyo. Nilitamani asingekuwa nayo, ningemchukia kwa raha zaidi.

Mama akasema niketi nile. Sikuketi. Shati nililiacha kwenye benchi la karakana, si kwa wema. Nilisahau kwamba nimelishika, nikaliweka pale nilipokuwa natafuta pa kushika.

Dada nilimpigia nikiwa njiani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mama alikuwa anaogopa. Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema, wewe. Ningekataa ndoa, ningelia, ningemtaja baba, na mama angeniachia nishinde kama ambavyo amekuwa akiniachia tangu nikiwa mdogo. Angerudi Newala kukaa na mimi, akateka maji, akazeeka. Nikamwambia huo ni uongo. Nikakata simu. Mbele kidogo nilijaribu kujiambia ningefanya nini kama wangeniuliza, nikajiona nikilia na nikimtaja baba.

Lakini hilo halikuwapa ruhusa. Nashikilia hapo mpaka leo. Mtu anaweza kunijua vizuri na bado akawa amenitendea vibaya. Watu wanne walikaa, wakanijadili, wakakubaliana nipewe sakafu ya kuweka na mbao za kupiga, kama unavyompa mtoto kopo achezee huku wakubwa wanakula.

Nilipofika nyumbani niliingia chumbani kwa mama na mtaimbo mdogo. Nilikusudia kuzing'oa zote. Nikapachika ncha nyuma ya ubao wa upande wa dirishani, nikasukuma. Haukutoka. Nikahamia wa mlangoni, nikasukuma kwa uzito wangu wote, ubao ukalia kidogo na plasta ikameguka kipande cha ukubwa wa kiganja, lakini misumari ikashika. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nikauacha mtaimbo palepale chini, nikafunga mlango wa chumba.

Wiki tatu zikapita. Nilirudi kazini, nikasema likizo ilikuwa nzuri. Mjomba alipanda Newala mara moja akaniketisha, akasema mambo ya wakubwa yana njia zake. Nikamtengea chai isiyo na sukari, na alipouliza sukari nikamwambia niliituma Masasi. Akainywa hivyohivyo. Kabla hajaondoka akasema mama yako anataka kuja kuona nyumba, Jumapili, je, nitakuwepo. Nikamwambia mjomba, hiyo ni nyumba yake, haniombi mimi. Akachukua baiskeli yake akaenda.

Jumapili niliamka nikafungua chumba. Nikaokota mtaimbo. Nikachanganya plasta kidogo na kuziba pale nilipopamegua, kwa sababu sikutaka aone hasira yangu ikiwa na shimo. Bado nilikuwa sijajua nitamwambia nini. Nilikuwa na maneno mengi makali niliyoyapanga, na chini ya hayo, nakiri, nilikuwa na tumaini la kipumbavu kabisa. Ataingia, ataona kisima, ataona marumaru, ataona mwanya umezibwa hadi nyuma ya kitanda asikofika mtu. Ataketi kitandani kwake. Mtu akiketi kitandani kwake anaweza akabadili mawazo.

Bodaboda ikasimama nje. Nikasikia ndala zake uani, ule mwendo wa kuburuta mguu mmoja ulioanza baada ya goti. Katika maisha yangu yote mama aliingia kwenye nyumba hiyo akiwa anaongea tayari. Ugomvi wake ulikuwa unaanzia barabarani, ukavuka uani, ukaingia ndani pamoja naye. Safari hii ndala zikafika mlangoni zikasimama.

"Hodi," mama akasema.

Mlango ulikuwa wazi. Niliweza kuona kivuli chake kwenye marumaru. Sikuitika, nikidhani pengine nimesikia vibaya, au ataacha mchezo huo aingie. Akasubiri. Kisha akarudia tena, kwa sauti ileile ya adabu, sauti anayotumia kwenye nyumba za watu.

"Hodi wenyewe."

Nikajifuta mikono kwenye khanga. Nikasema karibu. Akavua ndala mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya sebule na mkoba wake kifuani, akaniuliza akae wapi.